Droo ya Kitanda cha Salum

Wiki iliyopita, saa saba mchana, gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya karakana yangu hapa Tabora, akashuka binti mmoja mwenye ushungi mweusi, akaniamkia, kisha akamwambia dereva ashushe mzigo. Ulikuwa umefungwa kwa kanga mbili kuukuu. Sikuhitaji kuufungua. Mbao nilizozipiga randa mwenyewe nazijua hata zikivishwa nguo. "Bibi alifariki Alhamisi," binti alisema. "Aliacha neno kwamba hii iletwe kwako, isipitie mikononi mwa mtu mwingine." Nilimpa pole, nikamkaribisha chai, nikampa mgongo nikijifanya natafuta vikombe. Bi Zuwena amefariki. Nina miaka hamsini na sita, nimeshazika watu wangu, lakini habari ile ilinikalisha juu ya rundo la mbao. Na kabla chai haijachemka, sote wawili tukasikia kule konani: krrr. Mbao inateleza polepole juu ya mbao. Kanga ya juu ikavimba kidogo upande mmoja, kisha ikatulia. Binti akanitazama. "Ndivyo inavyofanya," alisema. "Nyumbani tumeshazoea." Mimi pia niliwahi kuzoea, mwaka mmoja tu, zamani.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha useremala, msichana peke yangu katika darasa letu, na nilikuwa na kiburi cha mtu anayechekwa kila siku. Wateja walikuja wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikijibu kwamba fundi ni mimi, ghafla wanakumbuka wana safari. Kwa hiyo Bi Zuwena aliponiita nyumbani kwake nilikwenda nimeshavimba, tayari kwa ugomvi. Nilimkuta mama wa miaka hamsini na kitu, wa zile familia zenye asili ya Omani zilizofanya biashara Tabora tangu enzi za misafara, mwembamba, macho makali, mikono ina harufu ya hiliki. Hakuniuliza fundi yuko wapi. Alinipeleka uani, nyuma ya banda la kuku, akanionyesha basi. Lilikuwa la marehemu mumewe, lilikuwa likienda Sikonge na kurudi mpaka mwenyewe alipofariki. Viti vilikuwa vimeng'olewa, kuku wametaga ndani, lakini injini ilikuwa bado inawaka. "Nijengee nyumba humu," alisema. "Nilale, nipike, nioshe vyombo, nisali, na kitu kisianguke hata tukipita kwenye makorongo. Vitanda viwili." Nikauliza cha pili cha nani. "Cha Salum, mwanangu. Njoo uchukue kipimo chake." Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kulikuwa na alama za kisu, moja juu ya nyingine, za kupima mtoto anavyokua, na ya mwisho ilikuwa juu ya kichwa changu. Nikapima kwa futi. Nikasema ingekuwa vizuri nimwone mwenyewe, anieleze kama anapenda kulalia kigumu au laini. "Hayupo," Bi Zuwena alisema. "Ndiye tunayekwenda kumtafuta."

Mengine niliyasikia nikiwa ndani ya basi, maana watu wakikuona umeshika msumeno wanakuhesabu kama msumeno wenyewe. Shemeji yake alikuwa akija kila jioni, wanakaa kwenye mkeka uani, hatua tatu kutoka nilipo. Salum alikuwa mnunuzi wa asali na nta katika mapori ya Sikonge, alitoka nyumbani miaka miwili kabla, akaaga kama kawaida, hakurudi. "Shemeji, tumekwenda mara tatu," yule mzee alisema siku moja kwa sauti ya kuchoka. "Tumetaja jina lake kila kijiji, hakuna anayemjua. Turuhusu tumsomee khitma, apumzike, nawe upumzike." Nikaacha kupiga msasa ili nisikie. "Humsomei khitma mtu ambaye sahani yake bado inapakuliwa," Bi Zuwena alijibu. Nikaelewa kile nilichokuwa nakiona pale kila mchana. Kwao, mtu akiwa safarini, sahani yake inapakuliwa ya kwanza na kufunikwa kawa. Wenzake wakishakula, chakula kile anapewa mpita njia yeyote. Siku ikija habari ya kifo, sahani inaoshwa na kulazwa kifudifudi, basi, haipakuliwi tena. "Nipeni mwaka mmoja," Bi Zuwena alisema. "Mvua zimekatika sasa hivi. Zikikatika tena kabla sijampata, msomeeni, nami sitafungua mdomo." Shemeji yake akasema, "Haya."

Kazi ile ilinichukua wiki sita, na mpaka leo ndiyo ninayojivunia kuliko zote. Kujenga nyumba ndani ya basi ni kugombania nafasi: kila kitu kifanye kazi mbili, na kila kitu kishikwe. Vitanda nilivifanya kuwa makasha, ukiinua godoro unakuta mchele, mkaa na mablanketi. Meza niliifunga ukutani kwa bawaba, wakati wa kula inashuka, mkimaliza inapanda na kuwa kibao cha dirisha. Rafu zote nilizipa ukingo wa vidole vitatu ili vikombe visiruke, sufuria nikazibana kwa mikanda ya tyubu ya baiskeli. Jiko la mkaa likakaa ndani ya boksi la bati lililojaa mchanga. Dumu la maji nikalitia koki, chini yake beseni, na chini ya beseni mpira wa kumwaga maji machafu nje. Bati la paa lilikuwa linachoma kama kikaango, nikalitandazia magunia kwa ndani, juu ya magunia nikapigilia majamvi, joto likapungua kweli. Bi Zuwena akashona mifuko ya kitenge, tukaitundika ukuta mzima: mfuko wa chumvi, wa sindano, wa dawa, wa barua. Msahafu ulipata rafu yake ya juu peke yake. Na kila alichoagiza kwa ajili yake aliagiza na cha pili. Kulabu mbili za taulo, matundu mawili ya kushikia vikombe, mahali pawili pa viatu mlangoni. Nilikuwa naona ni mama anayejiliwaza tu. Nikimaliza cha Salum, nakipiga msasa vizuri zaidi, sijui kwa nini.

Mbao ziliniishia kwenye droo ya chini ya kitanda cha Salum. Nikaenda sokoni kwa mzee aliyekuwa akiuza makasha makuukuu, nikapata sanduku la mninga, zito, limeungwa bila msumari hata mmoja. Ubavuni lilikuwa limechomwa alama kwa chuma cha moto, duara lenye mistari miwili inayolikata. Ndani mlikuwa na kitambaa kimefungwa fundo, na ndani ya kitambaa pande la nta, kubwa kama ngumi yangu. Juu ya nta palikuwa na shimo la dole gumba, mtu alibonyeza, likabaki hivyo. Nilifurahi, maana seremala yeyote atakwambia dawa ya droo inayokwama ni nta. Nikalivunja sanduku lile, nikazipiga randa mbao zake. Ile yenye alama nikaifanya sakafu ya droo na kuitandikia gazeti, kwa kuwa sikutaka doa kwenye kazi yangu. Kisha nikasugua nta kwenye njia za droo mpaka ikawa inaingia na kutoka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Nusu ya pande lile ilikwenda, na nusu ya lile shimo la dole gumba. Iliyobaki nikaitupia kwenye mfuko wa zana. Kitambaa nilifutia gundi. Naandika haya polepole kwa sababu nataka nisiruke kitu.

Sikutarajia kusafiri. Lakini dereva, Mzee Lukas, Mnyamwezi mwenye rozari shingoni aliyeliendesha basi lile tangu enzi za mwenye nalo, alisema yeye ni mtu mzima, hawezi kusafiri mwaka mzima na mjane peke yao, watu watasema nini. Bi Zuwena akanigeukia. "Fundi, nyumba mpya haikosi kuhitaji fundi." Nikakubali kabla hajamaliza. Tulianzia Kwihara, karibu tu, kwa kuwa Salum alikuwa na rafiki pale. Rafiki hakuwa na habari yoyote. Tulisimama pembeni ya njia ya zamani ya misafara, ambayo siku hizi ni njia ya watu na mashamba yao ya karanga, Bi Zuwena akapika wali na maharage ya nazi, akapakua sahani ya kwanza, akaifunika, tukakaa nje kwenye kivuli cha basi tukala. Upepo ukakatika. Hata kuku wa kijijini walinyamaza. Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza, ndani, juu ya vichwa vyetu: krrr. Nikapanda. Droo ya Salum ilikuwa wazi mpaka mwisho. Bi Zuwena alikuwa ameijaza mashati na kanzu, ameyakunja mikono kwa ndani, mimi mwenyewe nikiangalia. Shati la juu lilikuwa na mkono mmoja nje.

Mimi si mtu wa mashetani. Mimi ni mtu wa gundi na skrubu. Nilichukua pima maji nikaiweka sakafuni, ikanionyesha kwamba basi limeinamia upande wa kitanda, yaani ili ile droo ifunguke ilibidi ipande mlima. Nikasema sawa, nta imezidi. Nikaikwangua kwa patasi. Kesho yake saa saba mchana ikafunguka. Nikaweka komeo la mbao, tukalikuta limegeuka. Nikaweka kabari, tukaikuta sakafuni. Mzee Lukas akaleta ukanda wa tyubu, akaifunga mwenyewe kwa fundo la kufungia magunia, akajigonga kifua: "Hili hata mimi silifungui." Tulipokuwa tunakula fundo likawa linalia, likavutika, likavutika, kisha kimya. Alipopanda kuangalia alishuka na sahani yake mkononi akaenda kukaa mbali, kule kwenye vichaka. "Yustina," aliniambia baadaye, "hiyo droo yako haina adabu." Lakini hakucheka, na tangu siku hiyo alilala nje chini ya turubai, mvua isimwambie kitu. Bi Zuwena peke yake hakushtuka. Alikuwa akipita anaisukuma kwa mguu kama mtu anayemfungia mtoto mlango.

Pale Kigwa, karibu na reli, mama mmoja alikuja kutuuzia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Tulikuwa sote watatu nje, mimi natia kitasa kipya, Mzee Lukas yuko uvunguni mwa basi na grisi yake, Bi Zuwena anapepeta mchele. Yule mama alizunguka upande wa pili, tukamsikia anaamkia. Akaamkia tena. Akarudi na uso wa huruma. "Poleni na mgonjwa," alisema. "Nani mgonjwa?" niliuliza. "Huyo kaka aliyelala humo. Nimemwamkia dirishani mara mbili, hakujibu, kageukia ukutani tu. Ana homa huyo, mpeni maji." Mzee Lukas alitoka uvunguni akiwa amefanya ishara ya msalaba kabla hata hajasimama. Bi Zuwena aliweka ungo chini, akapanda, akakaa muda mrefu. Niliposogea mlangoni nilimwona amekaa ukingoni mwa kitanda cha Salum, kikombe cha maji mkononi, hamwangalii mtu. Mto ulikuwa umebonyea. Nilijiambia ni yeye aliyeubonyeza.

Mtu akinisikia atadhani mwaka ule ulikuwa wa hofu tu. Haukuwa hivyo, na hilo ndilo linaloniuma. Sijawahi kuishi vizuri vile. Bi Zuwena alinifundisha kupika wali usioshikana, nami nilimfundisha mlenda wa karanga. Kila wiki tulibuni kitu: kamba ya kuanikia nguo ndani, kiti cha kukunja mlangoni, pazia la magunia la kumwagia maji ili upepo uingie ubaridi. Aliniita mwanangu kuanzia mwezi wa pili. Mvua zilipoanza zilitufungia Sikonge miezi minne, barabara ya porini haipitiki, basi limeegeshwa kwenye uwanja wa watu, uyoga kila siku mpaka tukauchoka. Alikuwa akicheka, mama yule. Majirani zake wa Tabora hawakuwa wamemwona akicheka kwa miaka miwili. Mchana mmoja, mvua inapiga bati, alinusa hewa akasema, "Humu ndani kunanukia nta." Nikasema mbao zinanukia. Akatabasamu. "Salum akinunua nta alikuwa hakosi kuibonyeza kwa dole gumba. Anaangalia kama safi. Pande atakaloridhika nalo analiacha hivyohivyo na kidole chake, hamuuzii mtu, ananiletea mimi. Baba yake alikuwa akimtania, mwanangu utaacha vidole vyako pori zima." Akainuka kuchochea moto.

Mimi nilikaa pale nimeshika kijiko. Mfuko wa zana ulikuwa umening'inia kwenye kulabu, hatua mbili kutoka aliposimama, na ndani yake nusu ya nta yenye nusu ya shimo. Ningeweza kusema. Ingekuwa sentensi moja: mama, tazama hiki. Lakini niliona yote yaliyokuwa yanafuata. Sanduku lilifika Tabora bila mwenyewe, basi mwenyewe hayupo tena duniani. Sahani italazwa kifudifudi, nyumba yangu itarudi nyuma ya banda la kuku, na mama yule atauliza nta nyingine iko wapi, nami nitamwonyesha njia za droo. Nikajiambia nta inabonyezwa na watu wengi. Nikajiambia kesho. Kwa miezi minne nilijiambia kesho, na kila mchana, tukiwa mezani, droo ikafunguka. Nikaanza kuona kwamba inafunguka nikiwa nimenyamaza. Nikiongea sana haifunguki. Nikawa mropokaji ajabu, Mzee Lukas akaniuliza kama nimemeza redio.

Mvua zilipokatika, zikiwa zimebaki wiki mbili za ule mwaka, tuliingia porini mpaka basi lilipogoma kupita, tukaegesha karibu na kambi ya warina asali. Asubuhi niliitoa droo yote nje, nikazimwaga nguo kwenye mkeka, nikatoa lile gazeti, nia yangu niipige randa upya njia zake na nimalizane nayo. Akaja mzee wa makamo, miguu mitupu, mabega mapana, jina lake Mzee Mihayo. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Naona mmekuja na nyumba." Nilianza kumwonyesha koki yangu na meza yangu, mropokaji kama kawaida. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameinama juu ya droo, anapitisha mkono kwenye lile duara lenye mistari miwili.

"Nani kawapa sanduku la Kidole?" aliuliza.

Bi Zuwena alikuwa mlangoni. "Kidole ni nani?"

"Mwarabu kijana, mnunuzi wa nta. Sisi tulimwita Kidole, kwa vile alikuwa anabonyeza kila pande. Jina lake lingine hatukuwahi kulijua. Alama hii ni ya mizinga yangu, nilimchomea mwenyewe kwenye sanduku lake, maana alikuwa mtu wetu."

Bi Zuwena alikaa kwenye ngazi ya basi, polepole, akishika ukingo niliomchongea. "Ni mwanangu," alisema. "Yuko wapi?"

Mzee Mihayo alivua kofia yake. Naye alikaa, chini kabisa, udongoni, ili asizungumze akiwa juu yake. "Mama, yuko hapa. Nusu saa kwa miguu. Alishikwa homa katikati ya masika, mbuga imejaa maji, hatukuwa na pa kumtolea. Siku ya nne akageukia ukutani, mchana, tunakula. Tulikuwa na Mwislamu mmoja kambini, akamwosha, akamsalia kadiri alivyojua. Njia zilipokauka nikampa mwenye lori la tumbaku sanduku lile, alipeleke Tabora kwa mama mwenye basi. Nilimwambia ndani kuna nta yenye kidole chake. Mama akiiona atajua, hahitaji kuambiwa neno." Akaligusa tena lile duara kwenye droo. "Kumbe haikufika."

Ilifika. Nilisimama pale na randa mkononi, nami ndiye niliyejua kwamba ilifika Tabora salama, ikauzwa sokoni, ikasubiri mtu. Bi Zuwena aligeuka akanitazama. Macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa yananyenyekea, na hilo ndilo sitalisahau. "Yustina, mwanangu. Hilo sanduku ulipolipata, lilikuwa na nta?"

"Nililikuta tupu, mama," nilisema.

Alitikisa kichwa mara moja. "Haya," alisema. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akainuka, akaingia ndani, tukasikia maji ya koki yangu yakitiririka kwenye beseni. Alikuwa anaosha sahani. Alipomaliza aliilaza kifudifudi kwenye rafu, ule upande wa Salum, akajifunga kanga, akamwambia Mzee Mihayo waende. Kaburi lilikuwa safi, limezungushiwa mawe, wale watu wa asali walikuwa wakilipalilia. Alilia pale kwa sauti mara moja tu, kisha akasoma, akasoma mpaka kivuli kikahama, akatangulia kurudi basini. Mzee Lukas alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote. Mimi sikuweza hata chozi. Niliporudi basini nilikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa zana, sijui nilitaka kuitoa ile nta nimpe au kuitupa, na mpaka leo sijui. Haikuwemo. Nilimwaga kila kitu, misumari, patasi, pima maji. Nikasema imedondoka njiani kwenye makorongo, nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru.

Khitma ilisomwa Tabora, watu wakajaa mpaka barabarani. Nilidhani droo itaacha. Bi Zuwena aliniomba niikate pamoja na fremu yake, niifunge chumbani kwake chini ya dirisha, nikafanya hivyo, na nilipokuwa natia skrubu ya mwisho ikanifungukia tumboni. Lile basi lenyewe nililitoa vioo na mbao kwa mikono yangu. Kazi nilipata nyingi baada ya hapo, watu walikuwa wameisikia nyumba ya magurudumu, na kwa kweli ile ndiyo iliyonifanya niwe fundi wa kuitwa fundi. Kila Idi Bi Zuwena alinitumia sahani ya pilau iliyofunikwa kawa. Nilikwenda kumsalimia mara moja kwa mwaka, si zaidi. Tunakaa chumbani kwake, tunazungumza habari za afya na za bei ya mchele, halafu maneno yakituishia, krrr. Yeye ananyoosha mguu anaisukuma. Kisha ananitazama kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie alichoanza kusema. Mimi nikaaga. Miaka thelathini na miwili nilikuwa naaga.

Binti alipomaliza chai yake nilimsindikiza mpaka garini, nikarudi, nikafungua zile kanga. Droo ilikuwa wazi. Mashati hayakuwemo tena, wala gazeti, ile alama ya duara ilikuwa inaonekana waziwazi, na juu ya alama kulikuwa na nta. Nusu ya pande, upande mmoja umelika kwa kusuguliwa, ni mimi niliyeusugua. Bi Zuwena aliichukua kwenye mfuko wangu mwaka uleule. Kama aliipata kabla hajaniuliza, au siku ileile nikiwa bado nimesimama kaburini kama nguzo, sitajua. Ninachojua ni kwamba alijua, na aliniita mwanangu, na alinitumia pilau. Lile shimo la dole gumba nililiacha likiwa nusu na kina kidogo. Sasa limeingia ndani sana, kuta zake laini, zinang'aa, na ni jembamba, si la mwanamume. Mtu alikuwa akitia kidole chake pale kila siku, miaka yote hiyo.

Niliirudisha nta mahali pake. "Nililikuta na nta, mama," nikasema kwa sauti, karakana tupu, jua liko utosini. "Nilijua tangu mvua. Niliogopa utaacha kucheka." Nikaisukuma droo kwa kidole kimoja, ikaingia mpaka mwisho. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, sikusema neno, nikaingoja. Adhana ya alasiri ilinikuta nimekaa palepale. Haikufunguka, na hapo ndipo nilipoanza kulia.